Kijakazi, Suria, Kizuka: Majina Waliyobandikwa Mama Zetu

Katika visiwa vyetu mtu akitaka kumwadhimisha mwanamke hana budi kulitafuta neno. Akitaka kumtweza haoni tabu yoyote, maana maneno ya kutwezea yamekaa mlangoni yanamngoja. Yako ya utumwa, yako ya talaka, yako ya uzee, yako ya utasa, na yako yale ambayo gazeti halina budi kuwaomba radhi wazee kabla ya kuyachapa. Aghlabu ya wanaoyatumia hawajui yametoka wapi, wala hawajali. Kwao neno likisha kuuma limefanya kazi yake. Safu hii leo yataka kuyafungua baadhi ya maneno hayo, si kwa kufurahisha masikio, bali kwa kuwa hayakubaki barazani tu. Yalifika mahakamani, yakaingia katika amri za serikali na katika sheria, na kwa ajili yake watu walipoteza au walipata uhuru wao.

Tuanze na neno kijakazi. Mtu wa leo akiulizwa maana yake husema haraka kuwa ni mwanamke aliyekuja kwa ajili ya kazi: mja, kazi. Maelezo hayo yanapendeza kwa wepesi wake, lakini si sahihi. Hiyo kazi iliyomo ndani ya neno si kazi ya mikono. Ni kiungo cha kale cha lugha za Kibantu chenye maana ya mwanamke, na katika Kiswahili chetu kingali hai katika maneno kama mkaza mwana, yaani mke wa mwana, na mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba. Wachewa humwita mwanamke mkazi. Wanyarwanda na Warundi humwita malkia umwamikazi, na Wazulu humwita mke wa mkubwa inkosikazi. Kwa hiyo mjakazi ni mja wa kike, na mja ni mtumwa, kama vile binadamu wote tunavyoitwa waja mbele ya Mola wetu. Kiungo kile kile kilichomtukuza malkia wa Rwanda ndicho kilichombainisha mtumwa wa kike wa Unguja. Mwenzake wa kiume aliitwa mtwana, na wote wawili, wakiwa wadogo kwa umri au wamedunishwa kwa makusudi, wakaitwa kijakazi na kitwana.

Neno mtumwa lina habari yake. Limetokana na kutuma: mtumwa ni yule anayetumwa. Kutoka katika kitenzi hicho hicho tumepata Mtume, na heshima ya neno hilo haina mfano. Lugha imechukua mzizi mmoja, ikaweka mwisho mmoja wa neno kwa aliyetumwa na Mungu na mwisho mwingine kwa aliyetumwa na bwana wake dukani na shambani. Tena katika Unguja na Pemba Mtumwa ni jina la mtoto wa kike mpaka hivi leo. Wako wazazi waliowapa watoto wao jina hilo kwa unyenyekevu mbele ya Mungu, na wako waliofiwa na watoto wakaona heri huyu aliyezaliwa sasa aitwe jina la unyonge, asije akaonewa kijicho. Lakini wako pia waliolipata kwa sababu ndiyo hali waliyozaliwa nayo.

Hapo hatuwezi kumpita Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wawili wa asili ya utumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 alikwenda Bombay akawa miongoni mwa watu wa kwanza wa Afrika Mashariki kuitia sauti yao katika santuri. Siti si jina, ni lakabu. Asili yake ni Kiarabu na maana yake ni bibi mkubwa, mwanamke wa daraja. Mji ulimvua Mtumwa ukamvika Siti. Hata hivyo hasidi zake hawakukosa la kumwimbia: wakamkumbusha ushamba wake na kaniki alizokuwa akivaa. Na kaniki haikuwa nguo tu. Ilikuwa kitambaa cheusi cha nili walichovaa vijakazi, na ndiyo sababu wanawake walioachwa huru mwishoni mwa karne ya 19 waliikimbia wakajitwalia kanga, na baadaye buibui. Kumtajia mwanamke kaniki kulikuwa ni kumwambia: twakujua ulikotoka. Shaaban Robert, aliyeuandika wasifu wake, aliona kuwa maisha ya mwanamke huyo yanastahili kitabu, katika wakati ambapo vitabu vya Kiswahili juu ya mwanamke aliye hai au aliyekufa jana vilikuwa adimu mno. Ndugu Shafi Adam Shafi naye, katika riwaya yake Kasri ya Mwinyi Fuad iliyotoka mwaka 1978, mtumishi wa kasri amemwita Kijakazi bila ya jina jingine. Msomaji akiwa nusu ya kitabu huona kuwa jina na hali ya mtu vimekuwa kitu kimoja.

Neno gumu kuliko hayo ni suria. Leo likitajwa mdomoni mwa mtu mwenye hasira humaanisha hawara, mwanamke wa nje, mwanamke asiyekuwa na ndoa. Hiyo si maana yake ya asili, na katika tofauti hiyo ya maana mna damu za watu na mirathi yao. Suria katika sheria ya Kiislamu alikuwa ni mtumwa wa kike ambaye bwana wake amemfanya wa faragha yake. Wataalamu wa lugha ya Kiarabu wamelitafutia neno hilo mizizi miwili: wako wasemao latokana na sirr, ambayo ndiyo siri yetu, na wako wasemao latokana na surur, yaani furaha, neno ambalo wanaume wa visiwani huitwa kwa jina la Sururu. Siri ya nani na furaha ya nani, hilo halisemwi. Lakini msomaji haoni tabu kulijibu. Mwanamke mwenyewe katika jina lake hayumo. Aliyemo ni bwana.

Hata hivyo sheria ile ile ilimpa suria kitu ambacho watumwa wa nchi za Marekani hawakukijua. Mtoto wake aliyezaa na bwana alikuwa huru, tena halali, tena mrithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Na yeye mama, akisha kuzaa, hauzwi tena, na bwana akifa huwa huru. Ndiyo maana nyumba ya kifalme ya Unguja ilikuwa, kwa sehemu kubwa, nyumba ya watoto wa masuria. Sayyid Majid mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Sayyid Barghash mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Bibi Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na mama Mcherkesi jina lake Jilfidan, akatoka Unguja mwaka 1866 na baadaye akajulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo ameeleza kuwa baba yake, Sayyid Said, alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai, na kwamba wote mama zao walikuwa masuria. Mke wake wa ndoa, Bibi Azza binti Seif, hakuwa na mtoto. Ameeleza pia jambo dogo ambalo kwetu ni kubwa: kwamba ndani ya kasri watoto wa masuria wa Kihabeshi waliwaita wenzao wa Kicherkesi paka, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Wote ni watoto wa mfalme, wote ni watoto wa masuria, na bado walipata neno la kutengana kwa rangi za mama zao.

Basi ikatokea nini? Mwaka 1897, katika utawala wa Sayyid Hamoud bin Mohammed, ilitoka amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Mtumwa akitaka uhuru wake aende mahakamani auombe, na bwana alipwe fidia. Lakini masuria hawakuingizwa. Waliotunga amri hiyo, na Waingereza waliosimama nyuma yao, walisema masuria wahesabiwe kama wake, wakae walipo. Hakuna wa kuondoka isipokuwa yule atakayethibitisha kuwa ametendewa ukatili. Neno moja likawa ndilo mpaka baina ya aliye na haki ya kuomba uhuru na asiye na haki hiyo. Mwanamke aliyelima karafuu Pemba angeweza kwenda mbele ya hakimu. Mwanamke aliyelala chumbani mwa bwana wa shamba hilo hilo hakuweza, kwa kuwa jina lake lilikuwa jingine. Waliongoja walingoja miaka 12, hadi amri ya mwaka 1909 ilipowafikia nao. Twaomba wenzetu walio katika ofisi za serikali waizingatie habari hii kila wanapoambiwa kuwa jina la kundi la watu ni jambo la wataalamu wa lugha peke yao.

Baada ya mwaka 1909 hapakuwa tena na masuria katika sheria, lakini neno halikufa; lilibaki bila ya mtu. Na neno lililobaki bila ya mtu hutafuta wa kumkalia. Likamkalia mwanamke yeyote anayeishi na mwanamume bila ya nikaha. Kwa njia hiyo bibi zake watu, waliokuwa na hadhi inayojulikana katika vitabu vya fikihi na watoto wanaorithi, wamegeuzwa kwa nyuma kuwa mahawara, na wajukuu wao huona haya kuwataja. Haya hiyo haina msingi. Anayemtukana mwenziwe kwa kumwita mwana wa suria na ajue kwamba amemweka katika safu moja na masultani, jambo ambalo huenda hakulikusudia.

Tuyaache ya utumwa tuingie katika ndoa, au tuseme katika kutoka kwake. Mwanamke aliyeachwa huitwa mtalaka. Mwanamume aliyeacha hana jina. Anaweza kuacha mara tatu kwa wake watatu, na bado ataitwa kwa jina la baba yake, au fundi, au nahodha. Mtalaka ni mwanamke peke yake, na katika baadhi ya midomo neno hilo hutamkwa kana kwamba ni maradhi ya kuambukiza. Ajabu ni kwamba asili yake ni neno zuri. Talaka kwa Kiarabu ni kufungua, kuacha kwenda, kama afunguliwavyo ngamia kamba ya mguuni. Watu wa Makka, mji wao ulipofunguliwa katika mwaka wa 8 wa Hijra na Mtume akawasamehe, waliitwa tulaqaa, yaani walioachwa huru, kutokana na mzizi huo huo. Mtalaka, kwa hiyo, ni aliyefunguliwa. Neno lilivuka bahari likiwa na maana ya uhuru, likafika kwetu likawa na maana ya kasoro.

Mjane ni mwenziwe, ila yeye hupata huruma badala ya lawama. Mwanamume aliyefiwa na mke naye analo jina, mgane, lakini ni wachache walijuao na wachache zaidi walitumiao, kwa kuwa kwa kawaida mgane hakai na hali hiyo muda mrefu hata watu wakalizoea jina lake. Mwanamke aliyefiwa hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo visiwani huitwa kizuka. Hili ni neno la kutisha tukilitazama vizuri. Kizuka ni kitu kinachozuka, na mzuka ni pepo, kivuli cha kutokea usiku. Mwanamke aliyejitanda ndani, asiyetoka, asiyejipamba, asiyeonekana na wanaume, lugha imemfananisha na mzimu. Dini ilimwekea eda kwa hekima zake: kuhakikisha mimba, kumheshimu marehemu, kumpa mke muda wa kutulia. Dini haikumwita kizuka. Jina hilo ni letu sisi, na pamoja nalo zikaja hofu zetu nyingine: asikutane na mtu fulani, asipite mahali fulani, siku ya kutolewa afanyiwe hivi na vile. Katika kisomo cha dini mambo hayo hayapatikani. Wako masheikhe wetu wanaolisema hilo misikitini, na sisi twawaunga mkono.

Lakini kwa uonevu wa wazi, ulio mtupu bila ya kificho, hakuna neno lishindalo ajuza. Mzee wa kiume aliyekongoka huitwa shaibu. Neno hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni mwenye mvi: limechukua nywele zake nyeupe likazifanya jina, na mvi katika desturi zetu zote ni heshima. Mzee wa kike huitwa ajuza, nalo ni la Kiarabu, ila mzizi wake ni mwingine kabisa: ni ajz, kushindwa, kutoweza. Ni mzizi ule ule uliotupa ajizi, na kila mtoto wa skuli anajua kuwa ajizi ni nyumba ya njaa. Mwanamume akizeeka watu huona mvi, mwanamke akizeeka watu huona kuwa hawezi tena. Na hawezi nini, neno halisemi, ila kila mtu ameelewa. Mzizi huo una mtoto mwingine ambaye twampenda sana: muujiza. Muujiza ni jambo linalowashinda wengine kulifanya, jambo linalowafanya watu wote kuwa ajizi mbele yake. Laiti ajuza angepewa maana hiyo ya pili, neno lingemfaa zaidi. Maana katika vijiji vyetu ni yeye anayelea wajukuu wa watoto waliokwenda mjini, anayejua dawa ya homa ya mtoto mchanga, na anayekumbuka mpaka wa shamba la ukoo kesi inapofika kwa sheha. Hata Kiswahili chenyewe kiliposema bikizee kilitia bibi ndani yake, na bibi ni neno la heshima. Sisi twapendelea bikizee.

Juu ya mwanamke asiyezaa hatutasema mengi, kwa kuwa hakuna mengi ya kusema. Mgumba ni neno kongwe. Waganda husema mugumba na Wanyarwanda ingumba, kwa maana hiyo hiyo, ishara kwamba uchungu huu tumeurithi pamoja tangu kale. Tasa husemwa kwa mwanamke na kwa mnyama bila ya tofauti. Elimu ya tiba imekwisha kuthibitisha kwamba katika nyumba nyingi zisizo na mtoto sababu iko kwa mume, lakini lugha haijapata habari hiyo.

Sasa tuingie katika yale tuliyowaombea radhi wazee. Kahaba ni Kiarabu, qahba, na watu wengi watashangaa wakiambiwa kwamba mzizi wake ni kukohoa. Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 1311, katika kamusi yake kubwa Lisan al-Arab amenakili kauli ya wataalamu kwamba mwanamke huyo katika zama za ujahili alikuwa akiwaashiria wanaume kwa kikohozi, ndipo akaitwa mkohoaji. Ameongeza kuwa watu wa Yemen hulitumia neno hilo hilo kwa mwanamke mzee, kwa sababu wazee hukohoa. Tazama jinsi safari ilivyo fupi: kikohozi kimoja kimewakusanya bibi kizee na mwanamke wa njiani katika jina moja. Yatupa fununu ya namna maneno haya yanavyozaliwa. Hayaanzi na dhambi. Huanza na sauti, nguo, mahali, halafu dhambi huja ikapanda juu.

Malaya nalo limetafutiwa asili huku na huku, na wako wanaolitupia nchi ya Malaya ya Mashariki ya Mbali kwa kufanana sauti tu, jambo ambalo si ushahidi wa chochote. Lililo hakika ni kwamba neno lenyewe halikubagua: mpaka leo watu husema mwanamume malaya, na kila mtu hufahamu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake juu ya Nairobi ya wakati wa ukoloni kilichochapishwa mwaka 1990, ameonyesha kwamba katika mitaa ya Waislamu ya mji huo neno hili lilikuwa jina la namna maalumu ya biashara. Malaya alikuwa mwanamke aliyekaa ndani ya chumba chake cha kupanga, akamngoja mwanamume, akampa chai, maji ya kuoga na chakula. Waliozunguka njiani waliitwa watembezi, na waliokaa mlangoni pao wakijionyesha waliitwa wazi-wazi. Baadhi ya hao malaya waliweka fedha wakajenga nyumba Pumwani na wakafa wakiwa wenye mali. Hatuisifu kazi hiyo. Twasema tu kwamba neno lililokuwa na mipaka yake sasa halina mpaka, na hutupiwa msichana kwa sababu ya urefu wa gauni lake.

Wavuvi wetu nao wanalo la kulalamikia. Changudoa ni samaki, changu mwenye doa jeusi ubavuni, anayekaa katika maji madogo ya majani na mchanga karibu na pwani, naye ni mtamu. Tangu miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam wamempa jina lake mwanamke anayesimama barabarani usiku, huenda kwa ajili ya hilo doa, na sasa muuza samaki hawezi kunadi bidhaa yake bila ya kuchekwa.

Itasemwa: je, wanaume hawana maneno yao? Wanayo, ila tuangalie yanavyokwenda. Kuwadi, yule anayepeleka watu kwa watu, ni neno la Kiarabu lililotokana na kuongoza. Ni ndugu wa neno qaid, yaani kiongozi. Hata katika uchafu mwanamume amepewa uongozi. Fisadi zamani alikuwa mwanamume anayeharibu wake za watu na mabinti za watu. Hiyo ndiyo maana waliyoijua babu zetu. Tangu miaka ya 2007 na 2008 neno hilo limepanda cheo, limetoka chumbani limeingia hazina, na leo fisadi ni mkubwa aliyekula fedha za umma. Wake na mabinti walioharibiwa wamesahauliwa katika maana mpya. Na kwa kuwa tumewataja wakubwa: watu wa bara wanalo neno shangingi, ambalo hutumika kwa mwanamke mjuzi wa mji na kwa gari la fahari la afisa wa serikali. Mmoja kati ya hao wawili hulaumiwa kwa gharama zake.

Hatutaki ifahamike kwamba Kiswahili kina chuki na wanawake. Neno mwana, ambalo sasa twalitumia kwa mtoto, katika lugha ya zamani lilikuwa pia lakabu ya bibi mwenye ukoo. Limo katika Mwana Kupona wa Pate, na limo katika akina Mwanaisha, Mwanajuma na Mwanakombo waliojaa madarasani mwetu. Nana lilikuwa hivyo hivyo katika lahaja za kaskazini. Visiwa hivi vilikuwa na malkia Fatuma, aliyetawala Unguja wakati Waarabu wa Omani walipoizingira ngome ya Mombasa kuanzia mwaka 1696 hadi 1698. Maneno ya heshima tunayo, yamelala.

Wala hatushauri yale mabaya yafutwe katika kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la mwaka 2010 ni amana, na amana haipunguzwi. Neno suria likifutwa, amri ya mwaka 1897 haitasomeka, na dhuluma iliyomo ndani yake haitajulikana. Tunachoomba ni kwamba kamusi zijazo zieleze historia ya neno pamoja na maana yake, na ziseme wazi lini limekuwa tusi.

Jambo la mwisho ni la sheria, nalo latuhusu sote. Mwaka 1985 Zanzibar ilipitisha sheria ya kuwalinda wari, wajane na wanawake walioachwa. Majina hayo yote matatu yaliwekwa katika anwani ya sheria, na hakuna hata moja ambalo ni tusi. Lakini ndani ya sheria hiyo ya ulinzi, mwanamke asiye na mume aliyeshika mimba alikabiliwa na kifungo. Mwanamume naye alitajwa, ila mimba huonekana kwa mmoja tu. Kumthibitishia mwanamume ilihitajiwa kazi, na kumthibitishia mwanamke ilitosha kumtazama. Kwa muda wa miaka 20 neno kulinda lilibeba maana hiyo. Mwaka 2005 Baraza la Wawakilishi liliiondoa sheria hiyo likaweka nyingine, ambayo ilimwondolea mama kifungo na badala yake ikaweka kazi za kutumikia jamii. Sheria hiyo mpya katika anwani yake imewataja wari na watoto wa mzazi mmoja. Mtoto ambaye barazani bado huitwa mwanaharamu, kwa mara ya kwanza amepata katika kichwa cha sheria ya nchi jina lisilomhukumu yeye kwa jambo lililotendeka kabla hajazaliwa. Makarani wa vizazi, masheha na walimu wa skuli wanalo jina hilo mbele yao, limechapwa, na halihitaji kibali cha mtu yeyote kulitumia.